Mwaka Mpya wa Hana, Nyumbani Kwangu Makole

Wanangu mnaoanza kazi ya umatroni, nawapa pole kwanza, hongera zitafuata. Kazi yetu haina saa ya kutoka wala haina shukrani. Ukiwa mkali unaitwa askari jela. Ukiwa mpole unaibiwa ndoo na bado unachekwa. Mimi niliitwa yote mawili, mara nyingine siku hiyohiyo, na nimestaafu nikiwa na akili timamu na magoti mabovu. Magoti ni ya ngazi. Wanaochora ramani za mabweni hawajawahi kumuuliza matroni chochote.

Nilianzia Kongwa, kwenye shule ya bweni ya wasichana, chini ya mama mmoja tuliyemwita Bi Tabitha. Yeye ndiye aliyenifunda. Alikuwa mfupi, mnene, na bunda lake la funguo alilifunga kwenye kitambaa ili lisipige kelele. "Ukisikika unakuja," aliniambia, "utawakuta wote wamelala na wanakoroma." Alinifundisha pia kuamini pua kuliko macho, maana macho yanadanganywa na shuka iliyotandikwa vizuri. Miaka mingi baadaye, nikiwa chuoni Dodoma mjini, niliifuata harufu ya mayai mpaka ghorofa ya juu kabisa, nikamkuta binti amegeuza pasi miguu juu, ameibana kati ya vitabu viwili vinene, anakaanga yai. Nikamuuliza, "Mwanangu, na nguo unapigia nini?" Akanijibu bila kupepesa jicho, "Hiihii, Matroni, nikishaifuta." Pasi nilimnyang'anya. Yai nilimwachia, lilikuwa limeshaiva, na njaa si kosa.

Siku hizi mna kamera kwenye korido, mna mlango unaofunguka kwa kidole, mna kundi la simu ambalo mkitupia tangazo moja bweni zima linalipata. Sisi tulikuwa na kengele na koo. Sizibezi kamera, zingeniokolea magoti. Ila kuna kitu ambacho kamera haitawaonyesha, nacho ni nusu ya kazi yenu: mtoto anayekauka ndani kwa ndani huku mchana anacheka na wenzake.

Kuhusu huyo, Bi Tabitha alikuwa na neno lake. "Anayelia usimhofie sana. Mwangalie anayefua." Nilidhani ni maneno ya uzee tu, mpaka nilipoyaona kwa macho yangu. Mtu mwenye jambo zito lisilosemeka hutafuta kazi ya mikono isiyoisha. Anafua shuka safi, anaianika, anaianua kabla haijakauka, anaifua tena. Katika nchi yetu hii kavu, ambako ndoo ya maji ni kitu cha heshima, ukimwona mtu anafua shuka safi ujue kuna jambo linamtafuna.

Ndivyo nilivyomgundua Hana.

Hana alitoka Ethiopia, mji mdogo wa milimani, akawa anasoma kwetu afya ya jamii. Walikuwa wanne kutoka huko: yeye, wasichana wenziwe wawili, na kijana mmoja mrefu mcheshi aitwaye Dawit aliyekaa bweni la wavulana lakini kwangu hakubanduka, kwa sababu kwangu kulikuwa na chai. Kiswahili walikuwa wamekishika vizuri. Dawit alikizungumza kwa kasi na makosa mengi, Hana polepole na bila kosa.

Ilikuwa Septemba. Mnaijua Septemba ya Dodoma: upepo, vumbi jekundu mpaka kwenye meno, na hakuna jani bichi isipokuwa pale penye bomba. Likizo ndefu ilikuwa imefika, wanafunzi wetu walikuwa wameondoka na mabegi yao, wa Kolo kwenda Kolo na wa Bukoba kwenda Bukoba. Bwenini wakabaki wale ambao kwao ni mbali mno. Huo ndio msimu ambao matroni mvivu anapumzika. Msipumzike, wanangu. Bweni lililojaa linajilea lenyewe, lakini bweni tupu linahitaji mtu.

Nilimkuta nyuma ya jengo, kwenye kamba, anafua shuka ileile niliyoiona kambani jana yake.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Hiyo shuka imekukosea nini, Hana?"

Akacheka kidogo, akaiachia shuka. Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono bado ina povu, akaniambia kwamba mama yake amefariki.

Kwao simu zilikuwa zimekatika kwa muda mrefu. Zilipofunguka, simu ya kwanza ilikuwa ya mdogo wake wa kiume, na habari ilikuwa hiyo. Mama aliugua, akafa, akazikwa, na yeye huku alikuwa anafanya mtihani na kula chipsi kantini kama kawaida.

"Kwetu, Mama, mtu haambiwi msiba peke yake," alisema. "Watu wanakuficha kwanza. Majirani wanakusanyika, na ndugu, wanakuja asubuhi mapema wote pamoja, ndipo wanakuambia. Ukianguka, unaangukia mikononi mwa watu. Mimi nimeambiwa nikiwa nimesimama kwenye foleni ya chai. Nikasema sawa. Nikanunua chai, nikainywa."

"Umelia?"

"Siwezi. Najaribu, hakuna kinachotoka. Nitamliliaje peke yangu?"

Nikamuuliza kama wenzake wanajua. Akanishika mkono kwa nguvu, povu likanichuruzika mpaka kiwikoni. Hawajui, na nisiwaambie. Wakati sisi bado tuna miezi kadhaa kuumaliza mwaka, wao walikuwa wanakaribia kuuanza wao mpya. Mwaka uliopita sikukuu hiyo iliwakuta chumbani na pakiti ya biskuti. Mwaka huu walikuwa wamejipanga. Dawit alikuwa hazungumzi jingine.

"Nikiwaambia, wataacha kila kitu," alisema Hana. "Kwetu hakuna kusherehekea na mwenzako amefiwa. Waache wafurahi, Mama. Ikipita, nitawaambia. Halafu nitakurudishia ufunguo wa chumba."

"Ufunguo wa nini? Bado una mwaka mzima."

"Niliyetaka anione na joho hayupo tena."

Nilimwapia kwamba sitasema. Sikupenda, na nilipanda ngazi zile nikijilaumu kila hatua. Lakini mnajua miiko ya kazi hii: matroni akivujisha siri moja, bweni zima litafunga mdomo, na wa kufua watafua mpaka wachakae. Kwa hiyo nikanyamaza, nikawa namtazama. Chakula alikuwa anakizungusha tu kwenye sahani. Kwenye maandalizi alikuwa mbele ya wote, akichekesha, akipanga, akikatakata karatasi na kuchora maua ya njano kwa kalamu za rangi, maana kwao sikukuu hiyo ni ya maua ya njano na Dodoma ya Septemba haikuwa nayo. Ungemwona ungesema huyu ndiye mwenye furaha kuliko wenzake.

Bwenini kupika ni marufuku, na marufuku hiyo niliisimamia mimi mwenyewe kwa ukali. Nikawaambia waje kwangu Makole. Kanuni za chuo zilinikataza jiko bwenini. Hazikunikataza kukaribisha wageni nyumbani kwangu. Dawit aliruka juu, kichwa kikagonga fremu ya mlango wa ofisi yangu.

Sasa kuna jambo la majani. Siku hiyo kwao sakafu ya nyumba hutandazwa majani mabichi, yale ya kijani kabisa, na watu huketi chini kwenye vigoda wanakunywa kahawa, nyumba nzima inanukia shamba lililonyeshewa. Bila majani, Dawit alisema, haitakuwa sikukuu, itakuwa chakula cha mchana. Nikamwambia Dodoma hii mwezi huu hata mbuzi wanatafuta majani hawayapati. Akasema yeye atayapata. Jioni akarudi na kiroba kimejaa, majani marefu, mabichi, yanameremeta. Bi Tabitha hakunifunza pua bure. Nilikinusa kile kiroba kikiwa bado getini.

"Dawit, umeyakata wapi haya?"

"Kule nyuma, Matroni, kwenye yale mabwawa. Yako mengi sana!"

Mabwawa yenyewe ni ya maji taka ya chuo. Tulikaa tukacheka mpaka machozi, wote watano, hata Hana. Kiroba kilirudi kilikotoka, na Dawit alioga mara mbili kwa amri yangu. Majani halali tuliyapata kwa mtunza bustani wa ofisi moja ya serikali, mtu wa kwetu Kongwa, ambaye alikuwa anafyeka nyasi za mbele ya jengo. Alitaka kujua ni za ng'ombe wangapi. Nikamwambia ni za wageni. Alinitazama juu mpaka chini, akarudi kufyeka.

Zile chapati zao laini za kuchachua, za matundumatundu, kwao hupikwa kwa unga wa nafaka ndogo ambayo hapa haipo. Nikawapa unga wa uwele wa shambani kwetu. Waliukoroga kwenye ndoo, wakauacha uchachuke mpaka ukaanza kupumua wenyewe, kisha Hana akazimwaga moja moja kwenye chuma changu cha chapati. Ya kwanza ikanata. Ya pili ikakubali. Akaivunja kipande, akaionja, akasimama hivyo akiwa ameshika kipande mkononi, macho ukutani.

"Vipi, imekosa kitu?" nikamuuliza.

"Haijakosa," akajibu, akaendelea kumwaga.

Siku yenyewe wakaja asubuhi na nguo zao nyeupe na zile shuka zao nyepesi nyeupe zenye pindo la rangi. Sebule yangu ni ndogo, kwa hiyo nikawaambia watoe makochi yote na meza wapange nje ukutani. Tukatandaza majani. Sufuria kubwa la kuku na vitunguu likapandishwa kwenye mafiga uani, karibu na geti, moshi unapanda. Ndani wakachoma ubani kwenye chetezo cha mkaa, kwa sababu kahawa yao hainyweki bila ubani. Wakaketi chini, shuka zimewafunika mabega. Dawit akaanza kuimba wimbo wa kwao, wa polepole, wa kuvutavuta sauti. Mlango tuliuacha wazi kwa ajili ya joto.

Jiwekeni mahali pa jirani yangu. Unatoka kufagia uwanja wako asubuhi, unatazama kwa mwenzako. Makochi yako nje. Sufuria kubwa liko motoni. Ubani unanukia mpaka barabarani. Mlango uko wazi, watu wameketi sakafuni wamejifunika nyeupe, na kuna mtu anatoa sauti ya kuvutavuta. Hapa kwetu makochi yakitoka nje, na si siku ya kuhama wala ya kufukiza kunguni, maana yake ni moja tu.

Jirani huyo alikuwa Mama Ndahani, mwenyekiti wa kikundi chetu cha kufa na kuzikana, mwanamke wa shoka, anayeujua msiba kama fundi anavyojua tofali. Huyo hapigi simu kuuliza. Kwa desturi yetu hamuulizani getini, ni kama kumwambia mfiwa athibitishe. Unajifunga kanga, unachukua ulicho nacho, unaingia unalia, maswali baadaye. Ndivyo alivyofanya. Aliwapitia akina mama mtaa mzima, mlango kwa mlango.

Mimi nilikuwa nakoleza moto nikasikia kilio barabarani. Nikajiuliza, kwa nani tena? Kabla sijanyoosha mgongo, kilio kikaingia getini kwangu. Akina mama wengi, kanga viunoni, mwenye unga kichwani, mwenye jamvi, mwenye ndoo ya maji, na nyuma yao wanaume wachache wakianza kupanga mabenchi kimyakimya. Mama Ndahani mbele, mikono kichwani, analia Kigogo. Walinipita kama hawakuniona, wakaingia ndani.

Dawit, maskini, alijua ni wageni. Alifikiri nimewaalika mtaa mzima, na kwamba zile ni sauti za shangwe za kwetu. Aliinuka uso unang'aa, mikono wazi. "Karibuni! Karibuni sana, akina mama!" Akaanza kuwagawia yale maua ya karatasi aliyochora Hana. Mama Ndahani akajikuta amesimama kwenye majani mabichi, shavu limelowa, ameshika ua la njano, hajui alifanyie nini. Kilio kikapungua, kikawa minong'ono, kikaisha. Waliliona birika la kahawa. Wakatazamana.

Akanigeukia mlangoni nilikosimama.

"Mama Yoeli, pole mwenzangu. Nani katutoka?"

Wanangu, nimesimama mbele ya wakuu wa vyuo, nimesimama mbele ya polisi, nimesimama mbele ya baba aliyekuja na panga kumtafuta kijana aliyemharibia bintiye. Hakuna aliyewahi kuniweka njia panda kama Mama Ndahani siku ile. Nikisema hakuna msiba, nitawaondoa watu waliokuja kulia pamoja nami, na zaidi ya hapo nitakuwa nimemkana marehemu mbele ya mwanawe. Nikisema upo, nimevunja kiapo. Nilitazama chini. Sufuria nje lilikuwa linachemka na hakuna aliyekwenda kulipunguzia moto.

Hana alikuwa ameketi kwenye kigoda cha mwenye kahawa. Aliliweka birika chini taratibu.

"Ni mimi," alisema. "Mama yangu."

Mama Ndahani hakuuliza lini, hakuuliza wapi, hakuuliza imekuwaje na huyu mtoto ni nani. Alikuwa hajawahi kumwona. Alipiga magoti kwenye yale majani, mzee mzima, akamvuta binti yule kifuani, akamfunika na kanga yake. Akasema, "Mwanangu, mwanangu, na ulikuwa peke yako." Basi. Sauti iliyotoka kwa Hana sijui niieleze vipi. Ilianza chini kabisa, ikawa kama inatafuta njia. Akina mama wakampokea. Walikaa chini wote, wakambana pande zote, na kilio kile ambacho kilikuwa kimekosa mwenyewe sasa kikampata.

Dawit alibaki amesimama na maua mkononi. Alisema kitu kwa lugha yao, nikaelewa kwa sauti tu: alikuwa anauliza kwa nini hukutuambia. Hana alizidi kulia. Wale wasichana wawili wakatazamana, wakavua shuka zao, wakazigeuza, pindo la rangi likaja juu shingoni. Baadaye niliambiwa hivyo ndivyo inavyovaliwa msibani kwao. Dawit naye akageuza yake, akaja akaketi miguuni pa Hana na kuuinamisha ule mwili wake mrefu mpaka kichwa kikagusa majani.

Kisha Mama Ndahani, ambaye anajua kwamba maiti haliliwi hivihivi bila jina, akamuuliza, "Mama yako aliitwa nani?"

"Aberash."

Nadhani hakuwa amelitamka tangu siku ya ile foleni ya chai. Mama Ndahani akalirudia kwa ulimi wake, Aberashi, akaliingiza kwenye kilio chake cha Kigogo, na wengine wakalidaka. Wanawake wa Makole, wauza nyanya, makarani, mama mmoja aliyekuja na aproni ya mgahawani, walimlilia Aberash wa milima ya Ethiopia kwa jina lake, na kila mmoja alimlilia na wake aliyemzika. Mimi nilimlilia marehemu mama yangu, na Bi Tabitha. Matroni mzima, nimeshika ufito wa kuchochea moto.

Mkitaka la kujifunza katika kazi, ni hili, na sitalirudia: msimwambie mtoto aliyefiwa "usilie". Ni neno la kumsaidia anayesema, si anayelia. Tafuteni watu wa kulia naye. Mabweni yetu yana kila kitu, yana wayalesi, yana mashine ya kufulia, lakini hayana mahali pa kukaa chini na kulia, na mtoto wa watu anafiwa akiwa mbali kila mwaka. Mimi nilikuwa nimemlinda Hana kwa kunyamaza, na kunyamaza kwangu hakukumsaidia kitu. Mtaa ulimsaidia kwa kukosea.

Chakula cha sikukuu kikawa chakula cha msiba. Kuku aligawiwa kwenye sinia kwa mabenchi ya nje. Zile chapati za uwele zilisumbua kidogo. Mzee mmoja aliniuliza kama ni kitambaa cha kufutia mikono. Mama Ndahani alikula yake, akachukua nyingine, akasema unga huu anaujua, ila ndiyo mara ya kwanza anaukuta umevaa hivi. Hana akacheka huku bado anafuta kamasi. Akala. Niliona kwa macho yangu, alimaliza sahani, kwa mara ya kwanza tangu siku ya shuka. Kahawa waliinywa kwa vikombe vyao vidogo, na Hana ndiye aliyemimina, kwa sababu alikataa mtu mwingine asilishike birika.

Hawakumruhusu kurudi bwenini. Mama Ndahani alisema mfiwa halali peke yake, na chuo kama kina neno kije kimwambie yeye. Makochi yakabaki nje. Akina mama walikuja wakaondoka, wakaja tena, mpaka siku ya kuanua tanga, na Dawit na wenzake walilala hapohapo kwenye majani yaliyokuwa yanageuka manjano.

Asubuhi moja kati ya hizo nilimkuta Hana uani, ameketi kwenye kochi langu juani, simu sikioni. Alikuwa anazungumza na mdogo wake. Alizungumza muda mrefu, mara analia, mara anasikiliza. Alipokata, nikampa kikombe cha chai na kuketi kando yake. Sikuwa nimepanga kuuliza, lakini umbea wa kazi haunitoki.

"Umemwambia nini mdogo wako?"

Alishika kikombe kwa mikono miwili, akafikiri namna ya kuyageuza maneno yao kwa Kiswahili.

"Aliniuliza kama nimelia peke yangu. Nikamwambia hapana. Nikamwambia tumemlilia mama, na tulikuwa wengi."